Mzee Aliyerukwa

Binti wa dada yangu ndiye aliyetuletea habari kwamba jina letu liko kwenye mtandao. Alikuja Bondeni Jumapili moja baada ya kanisa, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda cha baba, akatoa simu. Kuna ukurasa, alisema, unaandika jina la mtu, nao unakwambia jina hilo lilianzia wapi na siku hizi linabebwa na watu wengi kiasi gani kila nchi. Alikuwa ameandika jina la baba. Ujerumani ilikuwa nyekundu kote. Afrika Kusini ilikuwa na wekundu uliofifia. Kenya ilikuwa na rangi hafifu kabisa, ya kutafutwa kwa miwani.

"Hii ndio sisi," akasema, akiweka kucha juu ya ile rangi.

Ukurasa ulieleza pia kwamba ni jina la kale la Wajerumani, na mwanzo wake ni kazi: waliitwa hivyo watu waliochoma makaa msituni. Baba aliuza makaa kwa debe hapa Bondeni zaidi ya miaka thelathini. Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, tukamwinua na kumpa maji. Aliporudishwa kwenye mto hakuwa akicheka tena.

"Na jina ya babu yangu," akauliza, "hiyo simu inaijua?"

Msichana akamwambia ataje hilo jina aliandike. Baba akasema hapo ndipo penye shida, kwa sababu yeye mwenyewe halijui.

Ni lazima nieleze, kwa maana hata mimi nilikuwa mtu mzima kabla sijaelewa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Si heshima tu. Tunasema yule mzee amerudi. Mimi ni kifungua mimba, nikapewa jina la babu yangu, na tangu nikumbuke baba hakuwahi kuniita kwa jina hilo. Aliniita baba. Alinipiga viboko akiniita baba. Mwanangu wa kwanza ana jina la baba, na wana wa kwanza wa ndugu zangu vilevile, ndiyo maana jina la Mjerumani limejaa katika ukoo wetu na wengine tunalibeba mwishoni mwa vitambulisho.

Lakini baba mwenyewe alipaswa kuwa na jina la babu yake. Hakupewa. Babu yangu alikuwa mkamaji wa ng'ombe huko Ndabibi, kwenye shamba la mzungu mmoja aliyetoka Afrika Kusini, ambaye wazee wake walikuwa Wajerumani. Alipozaliwa mtoto wa kwanza, babu akafanya jambo ambalo kwetu hakuna aliyewahi kulisikia: alimruka baba yake mzazi, akampa mtoto jina la ukoo la tajiri wake. Hakuwa mjinga. Alipiga hesabu za kwetu. Ukimpa mtoto jina la mtu, mtu huyo na mtoto ni kitu kimoja. Atamletea mbuzi, atamwonyesha mpaka wa shamba, hatamwacha alale nje. Babu aliamini kwamba mzungu akipewa mtoto wa jina lake, atafungwa na jambo hilo kama anavyofungwa mtu yeyote mwenye akili.

Mzungu alicheka, akamwita mkewe aje acheke naye, wakampa mtoto blanketi yenye mstari mwekundu. Miaka ilipopita na mashamba yakaanza kuuzwa, babu alimchukua baba, wakati huo kijana wa kunyoa ndevu, akamsimamisha mbele ya lori lililokuwa likipakiwa viti na meza. Mzungu akampa mkono wa kwaheri. Babu akaja kupata kipande chake cha ardhi kwa kura, kama wale ambao hawakuwapa watoto wao jina la mzungu.

Yule mzee aliyerukwa alikuwa akiishi kule juu, kwenye matuta. Aliposikia mjukuu amezaliwa alishuka na mbuzi na kibuyu cha asali, kuja kujiona katika mtoto. Akauliza mtoto anaitwa nani. Akajibiwa. Hakuingia ndani, hakumtemea mtoto mate ya baraka. Aligeuka akarudi na mbuzi wake, na tangu siku hiyo jina lake halikutajwa nyumbani kwa babu. Nadhani ni aibu, na aibu ikikaa sana hugeuka kuwa sheria.

Jina hilo lingeweza kuwepo kwenye karatasi. Babu alikuwa na kasha la bati lenye kipande chake cha kazini, kile cheti cha wakati wa wakoloni, na ndani, wanasema, kiliandikwa yeye ni mwana wa nani. Baba hakusoma. Sisi tuliosoma tulilikalia lile kasha tukila mahindi ya kuchoma, hakuna hata mmoja aliyelifungua. Nyumba ya Ndabibi ilichomwa wakati wa vurugu za uchaguzi na kasha likaenda nayo. Mimi ni mchoraji wa mabango. Nimeandika majina ya vinyozi na ya mabucha mji mzima, na misalaba ya makaburini siwezi kuihesabu. Jina moja lililokuwa chini ya makalio yangu sikulisoma.

Bibi yangu alilijua, lakini kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Alimwita "yule wa kule juu" mpaka akafa.

Ule mwezi wa simu, mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya kwanza. Miguu ya baba ilikuwa imevimba, daktari ameshatuambia figo zimechoka. Baba aliniita peke yangu. Aliniomba, mtoto akiwa wa kiume, asipewe jina langu. Apewe la yule mzee. Alisema hataki kwenda kukutana na babu yake akiwa amevaa jina la mtu mwingine na mikono mitupu.

Naona haya kuandika nilivyojisikia. Zamu ilikuwa yangu. Nimengoja miaka hamsini na saba nirudi katika mtoto, nimewaona rafiki zangu wakibeba wajukuu wakiwaita kwa majina yao wenyewe na kujidai, na sasa naombwa nimpishe mtu ambaye hata hajulikani anaitwaje. Nilimwambia baba sawa. Kisha nikakumbuka kwamba nina ukuta wa shule wa kupaka rangi, na baada ya ukuta geti, na baada ya geti mvua. Ulipita mwezi mzima kabla sijaenda Ndabibi.

Mtu mmoja tu alikuwa amebaki wa kuulizwa: mjane wa ndugu mdogo wa babu, nyanya aliyepita miaka tisini. Nilimkuta amekaa kwenye gunia juani, akichambua maharagwe kwa vidole bila kuyaangalia, maana macho yalishakwenda. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yule mzee alimjua vizuri, alimpikia miaka mitatu, alipenda uji mchachu na hakupenda maneno mengi. Akaniambia mpaka kovu lake lilikuwa kwenye goti gani. Nikamuuliza jina.

"Hiyo siwezi," akasema. "Huyo ni baba ya bwana yangu. Nikitaja, ni kama nimevua nguo mbele yake."

Nilimkumbusha kwamba mzee amekufa siku nyingi, na mumewe pia. Alisema ndiyo maana, maana karibu atakutana nao. Nilimbembeleza. Hasira zikanipanda, nikasema mambo ya heshima ndiyo yaliyotumaliza, na kwamba mzungu hajui hata kama tupo lakini jina lake limeandikwa dunia nzima. Hakukasirika. Alichambua maharagwe kidogo, akatupa yaliyooza kando, akasema kuna njia moja tu. Wewe ni mtu mzima, alisema, nikikwambia wewe nitakuwa nimemtaja. Lakini mtoto mchanga wa jina hilo akiletwa, nitakuwa namwita mwenyewe, na mwenye jina akiwa amerudi haogopwi tena.

"Leta mtoto nimshike," akasema. "Nitamwambia kwa sikio. Na wewe kama utakuwa karibu utasikia. Lakini usichelewe, mimi si wa kungojwa."

Niliporudi Bondeni nilimpa baba habari hiyo neno kwa neno. Alifurahi kama mgonjwa aliyeambiwa homa imeshuka. Kila asubuhi aliuliza kama mtoto amezaliwa.

Alizaliwa wa kiume. Nilifika hospitalini nikiwa na chupa ya uji, nikampata mke wa mwanangu amemlaza kifuani, na kabla sijasalimia akamwambia mtoto, "Ona nani amekuja kukuona," kisha akamwita kwa jina langu. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Mwanangu alijua, lakini alikuwa ameniachia mimi niseme, kwa kuwa zamu ni yangu kuitoa. Nilimbeba. Alikuwa na masikio yangu. Sikumsahihisha mama yake.

Niseme ukweli sasa, maana hautamsaidia mtu. Nilikuwa na siku za kutosha. Juma la kwanza nilisema mtoto ni mdogo, juma la pili nikasema barabara ya Ndabibi ni tope, na vyote viwili vilikuwa kweli, na havikuwa sababu. Sababu ni kwamba kila jioni nikitoka kazini nilipitia kwa mwanangu, na nyumba ile ndogo yote ilikuwa ikiita jina langu kwa sauti ya upole ambayo mimi sikuwahi kuitwa nayo. Baba aliniita baba. Wengine wananiita fundi. Nilijiambia juma moja zaidi.

Juma la tatu, Alhamisi, nikiwa juu ya ngazi naandika bango la duka la dawa, simu ikalia. Nyanya wa Ndabibi alikuwa amelala usiku, hakuamka.

Nilienda kuzika. Sikwenda kwa huzuni peke yake, na hilo nalo ni dhambi yangu. Nilikwenda na tumaini. Siku hizi hakuna maziko bila kijitabu cha maisha ya marehemu, chenye picha na nyimbo, na siku zote huandikwa aliolewa na nani, mwana wa nani. Nilijiambia huyu mama hakutaka kutaja, lakini lazima watoto wake waliwahi kusikia kwa baba yao. Nilipokabidhiwa kijitabu getini sikungoja kuketi. Nilisoma nikiwa nimesimama katikati ya watu wanaopita. Alizaliwa. Alibatizwa. Kisha ule mstari: aliolewa na marehemu fulani, mwana wa marehemu, na hapo pakaandikwa jina la Mjerumani.

Nilimtafuta mjukuu wake aliyekiandika, kijana mwenye tai nyeusi, nikamvuta kando ya hema. Nilimuuliza ametoa wapi jina hilo.

"Si ndio jina ya familia, uncle?" akasema. "Boma yote huitwa hivyo. Hata ya shosho tunayemzika, kwa ID."

Nikamuuliza kama babu yake hakuwahi kumtajia jina lingine. Alifikiri kwa dhati, namshukuru kwa hilo, akasema hapana, babu yake alisema tu mzee wa kule juu, basi. Walipoleta msalaba nikaona umeandikwa vibaya, herufi zimebanana mwishoni, na jina lile lile likiwa la mwisho. Jeneza likashushwa. Aliyekuwa amebaki duniani akimjua yule mzee kwa jina alifunikwa na udongo mbele yangu, na mimi nimeshika kijitabu.

Njiani nilifikiria kubuni. Ni jambo rahisi. Ningemtajia baba jina lolote la kale, hakuna ambaye angenipinga, naye angekufa ametulia. Nilichagua hata moja. Nilipoingia chumbani nikamkuta ameketi, amevishwa shati safi, anangoja. Babu alimfuta mzee yule mara moja kwa jina la mzungu. Sikuweza kumfuta mara ya pili kwa jina la uongo. Nikamsomea kijitabu kama kilivyo.

Nilisikia mtu akichota maji nje. Kisha baba akaniuliza yule nyanya aliniambia nilete mtoto lini. Nikasema aliniambia nisichelewe. Akauliza mtoto ana umri gani leo. Nikasema wiki ya nne. Niliona akihesabu kwa vidole juu ya blanketi, polepole, akifika mwisho na kuanza tena.

"Na sasa mtoto anaitwa nani?" akauliza.

Nikamtajia jina langu.

Jina hilo ni la baba yake, mkamaji wa ng'ombe, aliyejibu swali lile lile kwa mzee mwenye mbuzi. Baba aliniangalia vizuri kwa macho yake mabaya, kama mtu anayethibitisha sura.

"Kweli," akasema, "wewe ni baba yangu."

Kisha akageukia ukutani. Aliishi siku kumi na mbili baada ya hapo, akala, akazungumza na wote, na hakuniita baba tena. Msalaba wake niliuandika mwenyewe, herufi nzuri, jina la wachoma makaa.