Wembe Mpya wa Shemeji

Niliambiwa nina homa ya ini nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, foleni nzima inasikiliza.

Usicheke kwanza.

Kijijini kwetu mtandao unashika mahali pamoja tu: dirishani, ndani ya saluni ya shemeji, mume wa dada yangu. Ukitaka kuonana na mtu wa mbali kwenye simu, unakaa kwenye kile kiti. Na ukikaa kwenye kile kiti, shemeji hawezi kukuacha na nywele.

Mimi ni fundi baiskeli. Nilikuwa nachoka hovyo, kukaza mnyororo tu nahema kama nimebeba gunia. Nesi wa zahanati akanitoa damu, akaituma mjini, akasema daktari bingwa wa ini atanipigia kwa video.

Kweli, akapiga. Shemeji akaidaka simu kabla yangu, akanielekezea usoni.

"Uko peke yako hapo?" daktari akaniuliza. Mdada bado mbichi, koti jeupe.

"Yuko peke yake, endelea tu," akajibu shemeji.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi usinihesabu. Nimeshika simu tu."

Nyuma yake wanaume sita walikuwa wamepanda juu ya benchi ili waone vizuri.

Daktari akasema ni homa ya ini aina ya C, imenikaa miaka mingi, ila inatibika. Kidonge kila siku, miezi mitatu. Halafu akaanza kunihoji. Umewahi kuongezewa damu? Hapana. Umechorwa tatuu? Hapana. Unanyolewa kwa kifaa gani?

"Kwa wembe."

"Wa kuchangia na wengine?"

Hapo shemeji akapanda mori.

"Daktari, tuheshimiane! Hapa kila mteja na wembe wake mpya, naufungua mbele ya macho yake. Tena naujaribu kwanza kwenye shavu langu mwenyewe. Ukinichana kidogo, najua huu ni wembe kweli. Ndipo namgusa mteja."

"Huduma ya kifalme!" akadakia Mstaafu, mzee ambaye hakuna anayejua alistaafu kazi gani.

Daktari akasogeza uso karibu na kamera.

"Hebu geuza simu," akasema taratibu. "Nikuone wewe."

Shemeji akapangusa uso, akavuta tabasamu la picha ya harusi.

"Macho yako yamekuwa ya njano tangu lini, kaka?"

"Vumbi tu hilo."

"Na hilo tumbo?"

"Hiki ni kitambi cha mafanikio, dada."

Foleni ikaangua kicheko. Daktari hakucheka.

"Kapime leo. Na hao waliopanda kwenye benchi, wote."

Mstaafu akashuka polepole, mkono kichwani. Wenzake nao wakaanza kujipapasa visogo.

Wakapimwa. Wanne kati ya wale sita walikuwa nayo, Mstaafu akiwamo. Tukaanza dawa.

Shemeji? Thubutu.

"Nipimwe na katoto ka kwenye simu? Kanataka kunifungia biashara." Akabandika karatasi mlangoni: HAPA HATUPOKEI DAKTARI. Nesi alipomfuata na sindano, alitorokea dirishani, yeye na kitambi chake. Dada alimlilia, mimi nikamtukana. Na kila nikienda kuongea na daktari, shemeji ananiuliza, "Mkeo wa kwenye kioo cha simu hajambo?"

Wateja wapya walikuwepo. Siku hizo alinyoa bure, na wembe bado anaujaribu shavuni kwake. Watu na vya bure!

Dawa zikaisha, miezi mitatu baadaye nikapimwa tena, nikaenda kusikiliza majibu. Safari hii shemeji hakunishikia simu. Alikuwa amekaa benchi, kusimama kunamshinda, mikono imebaki mifupa, tumbo limemtangulia.

"Hongera," daktari akaniambia. "Umepona."

Kabla sijashukuru, nikasikia sauti ndogo kutoka kwenye benchi.

"Shemeji. Mwambie aniangalie tena."

Nikageuza simu. Hakuvuta tabasamu.

Daktari akaniambia nimbonyeze mguu juu ya kifundo. Kidole kikazama. Nilipokitoa, shimo likabaki palepale.

"Mngemleta siku ile," akasema, halafu akaanza kuuliza gari la kumfikisha hospitali kubwa litapatikana saa ngapi.

Lilipatikana. Hakurudi nalo.

Sina mahubiri. Macho yakiwa ya njano, kapime, hata kama anayekwambia ni mtoto na yuko kwenye kioo. Na kinyozi wako mtazame usoni kabla hajakushika kichwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuliopona: watano. Walionyolewa bure na mpaka leo wamegoma kupimwa: hawahesabiki. Saluni imefungwa, kwa hiyo daktari hatumpati tena. Watoto watatu hawana baba. Dada yangu mjane.

Na shemeji, mmoja. Sikuwa na mwingine.