Ngazi ya Lori Iko kwa Tajiri

Mimi nimejua kusoma uzeeni, kwa hivyo ukuta ukiwa na maandishi lazima nisome. Juzi, kwa ofisi ya tajiri mmoja wa malori hapa Migori, nilisoma USALAMA KWANZA, herufi zote, bila kusaidiwa.

Chini ya hayo maandishi alisimama dereva na magongo, mguu umefungwa plasta. Alianguka kutoka juu ya shehena ya mahindi kwa lori akifunga turubai, huko Kegonga. Alikuja kuomba kazi yake isipewe mtu mwingine.

"Wewe nilikuajiri uendeshe," tajiri akasema. "Huko juu ulienda kutafuta nini?"

"Turubai, mzee. Na ngazi ya lori uliikata."

"Niliikata ndio msibebe watu! Ajali ya kazi ni gari kugongana. Yako ni kuanguka tu. Kazi nimeshapatia mwingine."

"Ai yawa!" dereva akasema, akiangalia plasta yake.

Mara televisheni ya ofisi ikaanza kukwaruza. Tajiri akatoka nje, akaegemeza ngazi ukutani apande kugeuza antena. Ilikuwa ngazi ya chuma, rangi ile ile ya lori. Akaita makarani wawili.

"Shikeni vizuri! Mnataka nianguke?"

Nikarudia kusoma ule ukuta. Nilikuwa nimesoma sawasawa. Kitu hawakuandika ni usalama wa nani.