Sifuri Niliyopewa Kilelengwani

Kuna swali moja ambalo nikilisikia tena nitapiga kelele. "Kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu yako ya leo utayapa namba gani?" Nimeliuliza Ozi, nimeliuliza Tarasaa, nimeliuliza kwenye maboma ya wafugaji, ambako kijana mwenye goti lililovimba kama papai alinitazama usoni akanijibu sifuri, kisha akainuka kwa kuegemea fimbo. Nikaandika sifuri. Ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya: kuandika watu wanachosema, hata kama macho yangu yanaona kitu kingine.

Utafiti wenyewe ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Tuwatembelee vijana wa delta, huku mto unapoingia baharini, walioacha shule, wasio na kazi, wanaoishi na maumivu yasiyoisha, tuwaulize maswali, kisha watakaotoa namba saba kwenda juu waingie kwenye orodha ya daktari wa maumivu, ambaye angekuja Garsen kwa wiki moja tu. Swali la namba lilitangulia mengine yote. Kijana akitoa chini ya nne, tableti ninayojazia majibu inamshukuru na kufunga fomu, eti tusimchoshe. Laiti ningeweza kumlaumu mtu wa Nairobi kwa upuuzi huo. Ni mimi. Mimi mzaliwa wa Ozi, niliyelelewa na bibi ambaye hata asubuhi aliyofiwa na mumewe aliitikia "salama" kwa kila aliyepiga hodi, ndipo akasema kuna msiba. Ni mimi niliyeinua mkono mkutanoni nikasema swali la namba litangulie, tuokoe muda. Na wakanisifu.

Kilelengwani nilifika asubuhi. Msichana niliyemfuata alikuwa na miaka ishirini, na nyonga ilikuwa ikimtesa tangu akiwa na kumi na minne. Nilimkuta mkekani, mguu mmoja kaunyoosha, mgongo ukutani, macho mekundu ya mtu asiyelala. Mama yake akaniwekea kiti cha plastiki, tukaanza salamu za kwetu, ambazo hazina haraka: za nyumbani, za watoto, za shamba, za mto. Kila jibu salama. Mama akaenda kuniletea maji, nami nikafungua tableti kabla hajarudi.

"Sifuri," msichana akasema. "Alhamdulillahi."

Mkono wake ulikuwa umeukamata ukingo wa mkeka hadi miyaa ikakunjika.

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Niko sawa, dada. Karibu sana."

Nikabonyeza. Tableti ikamshukuru kwa kushiriki, ikajifunga. Mama akaingia na maji.

Niliyanywa kwa hasira, na sikujua namkasirikia nani. Nikaaga. Ndipo yule msichana, ambaye kwa mujibu wa tableti alikuwa mzima kabisa, akaomba fimbo yake anisindikize. Nikamkataza, mama akamkataza, hakusikia la mtu. Mgeni aachwe aondoke peke yake kama mwizi? Tukaenda hatua kwa hatua, yeye akiuma midomo, hadi shamba la mihogo lilipoishia. Pale akasimama, akaegemea fimbo.

"Sasa nikwambie, dada," akasema. "Mimi silali. Nikijigeuza tu nalia, natia kanga mdomoni mama asisikie. Shule niliacha, mwalimu alisema mimi mvivu, kila siku nachelewa. Kule zahanati wamenichoka, wakiniona wasema nimezoea vidonge. Iko siku naona bora huu mguu ukatwe tu, nipumzike."

"Kwa nini hukuniambia mle ndani?"

Akanishangaa, kweli kweli. "Mle ndani si ndiyo kwanza umefika? Mtu hajanywa hata maji, nimpokee na ugonjwa?"

Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Kwetu mgeni hupokewa kwa mema, na mambo mazito huambiwa akiwa anasindikizwa. Mambo yote ya maana niliyowahi kuambiwa na bibi niliambiwa njiani, begi langu likiwa begani. Halafu nikatengeneza fomu inayofungwa kabla maji hayajafika.

Nilijaribu kuifungua upya pale pale, kwenye jua. Ikaniandikia kuwa mshiriki huyu amekamilika. Nikampigia msimamizi wangu Nairobi.

"Habari za huko?"

"Nzuri," nikasema. Nilijisikia nikisema hivyo, nikatamani kuitupa simu mihogoni.

Nikamweleza yote. Akanisikiliza, kisha akauliza: "Alisema sifuri au hakusema?"

"Alisema, lakini..."

"Basi jibu la kwanza ndilo jibu. Tukianza kubadilisha majibu kwa huruma, huo si utafiti tena."

Kwa kanuni alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Msichana alikuwa bado amesimama na fimbo yake, akingoja nimalize simu ili anisindikize hatua chache zaidi.

Wiki ya daktari ikafika, na msichana hakuwemo kwenye orodha. Nikamwambia aje hivyo hivyo. Alikuja na bodaboda hadi kwenye ukumbi tuliokodi Garsen, akaketi kwenye benchi kutoka asubuhi hadi alasiri, nami kando yake nikimfundisha kama mwanafunzi wa mtihani. Sema yote. Usione haya. Daktari si mgeni wako. Akaitikia kwa kichwa kila neno. Mwishowe daktari, mtu mpole lakini aliyechoka, akakubali kumwona dakika mbili.

Akatazama kompyuta yake. "Hapa naona sifuri."

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Unaumwa sana?"

"Si sana. Kidogo tu, twashukuru."

Nusura nipige meza. Daktari akanitupia jicho, lile la mtu anayedhani nimemleta jamaa yangu mzima aruke foleni. Akamshauri apunguze kubeba mizigo, akaita mwingine.

Tukatoka. Nikamsindikiza hadi getini, na pale getini, bila shaka, akaanza.

"Dada, leo nilivyokuja na boda, kila shimo nilikuwa..."

Alikuwa ananiambia mimi, nisiye na ruhusa ya kumwandikia mtu hata kidonge kimoja. Hasira zikanipanda. "Nyamaza," nikamwambia, Mungu anisamehe. "Usiniambie mimi. Daktari umemuaga?"

Akafikiri kidogo. "Sikumuaga. Aliita mtu mwingine."

"Basi turudi ukamuage."

Tulipita foleni nzima, watu wakaguna, mzee mmoja akaniuliza kama nimenunua mlango. Daktari akainua kichwa. "Tena?"

"Amekuja kukuaga," nikasema. "Tafadhali, daktari, inuka. Msindikize mpaka mlangoni. Ni hatua sita tu, sitakusumbua tena."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Huenda aliona kwamba kuinuka kungekuwa rahisi kuliko kubishana nami. Akaweka kalamu chini, akainuka, akatembea kando yake. Hatua sita zile zilichukua muda mrefu. Kwenye ya tatu nikamwona daktari akiacha kutazama mlango na kuanza kutazama mguu. Mimi nilibaki pale pale mezani.

Mlangoni msichana akashika mwimo, akageuka.

"Ahsante, daktari, sisi twenda," akasema. "Ila nikwambie."

Akamwambia. Nilisikia kanga, nikasikia mwalimu, nikasikia vidonge na mguu wa kukatwa. Daktari hakutazama saa. Msichana alipomaliza, daktari akamuuliza kwa sauti ya chini lile swali langu, la sifuri hadi kumi.

"Leo ni tisa," akasema. "Kumi ilikuwa siku ile dada alipokuja kwetu."