Mjukuu Aliyeninyima Vidonge

Mwaka ule sisi watu wa Rujewa, wenye mpunga hadi mlangoni, tulikula viazi vya Makete asubuhi, mchana na jioni. Mchele tulikuwa tumeuuza wote kwa tamaa. Ndipo homa ikanikamata, ikakataa kuniachia. Nikapanda basi kwenda Ilomba, Mbeya, kwa mjukuu wangu.

Binti huyu nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki. Mimi niliishia darasa la pili. Yeye anachunguza damu za wenye homa, ajue ni mdudu gani na ni dawa gani bado inamuua. Nilifika meno yanagongana.

"Nipe vidonge," nikamwambia.

"Bibi, sikupi dawa ya homa nisiyoijua."

"Nimekufuta mavi mimi, leo unaninyima kidonge?"

"Ulinifuta vizuri, asante. Twende hospitali, damu kwanza. Umemeza kitu?"

"Sijameza."

Nilidanganya. Kwetu dawa za rangi mbili, zile za kuua wadudu, hazimalizwi. Ukipata nafuu siku ya pili, zinazobaki unazifunga kwenye pindo la khanga, akiumwa jirani unampa. Nilikuwa nimeshameza nne za jirani ndani ya basi.

Damu yangu wakaitia kwenye chupa yenye supu ya kuoteshea wadudu. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Daktari akaniwekea dawa ya kupitia mshipani kwa kukisia, homa haikushuka hata kidogo. Mjukuu akaja kitandani, hana utani tena.

"Bibi, chupa haioti kitu na wewe unaisha. Umemeza nini?"

Nikafungua pindo, nikamwonyesha zilizobaki. Nilingoja anifokee. Akaandika, akanifunga mpira mkononi, akachukua damu nyingine, akaitia kwenye chupa ya aina ya pili, inayonyonya masalia ya dawa ili mdudu apate kuota.

Safari hii mdudu akaota. Akanionyesha picha kwenye simu: kisahani, wadudu wametanda kama ukungu juu ya uji uliolala, katikati yao vijikaratasi vyenye dawa. Kile chenye dawa ya rangi mbili walikuwa wamekizunguka hadi ukingoni, hawana habari. Kimoja tu kilikuwa na duara safi pembeni yake, kama uwanja uliofagiwa.

"Hiyo ndiyo yako," akasema.

Nikaimeza siku zote nilizopangiwa, yeye akinisimamia hadi kidonge cha mwisho. Wodi nzima niliiambia: yule mfupi mwenye koti jeupe ni wangu. Kainamia kisahani kutwa nzima kwa ajili ya kikongwe aliyemdanganya, wala hajanisimanga.

Siku ya kurudi Rujewa nikamshika mkono.

"Nipe basi hata chache za ile iliyoniponya, ziwe akiba. Kule homa haziishi, watoto wa watu wanateseka."

Akanitengenezea khanga begani, taratibu.

"Bibi, sikupi dawa ya homa nisiyoijua."