Rasi ya Papa

Juzi niliona ramani ya Antaktika katika kitabu cha shule cha mwanangu, na harufu ya sambaza za mama, samaki wadogo wa ziwani, zikikaangwa ikanirudia.

Nilikuwa mtoto; tulikuwa uani kwetu, mtaa wa Ibanda, ziwa liking'aa chini yetu. Papa, yaani baba yangu, mwalimu wa jiografia, alinieleza kwamba baadhi ya mabaharia walioziona kwanza rasi za barafu za Antaktika walizipa majina ya wake zao.

"Hata kama hawakufika pale?"

"Kuona kwa mbali ilitosha." Akanyoosha kidole kwenye rasi moja ng'ambo. "Ile, mi naiita Kap Nsimire."

Niliona wivu. Nilimchukia papo hapo huyo Nsimire nisiyemjua.

"Papa, juu ya nini haiko jina yangu?"

Mama aliacha kugeuza samaki mpaka wakaungua. Nilidhani amekasirika kwa ajili yangu.

Mama aliitwa Faida.