Ruta iko chumbani kwake, lawama kwa mama yangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huyu bwana naye anaifuata page hii na hukoment kama mtaalamu wa kila kitu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Bariadi mjini, nina ndoa ya miaka kumi na miwili na watoto wawili. Mume wangu nimwite Baba Kulwa. Msimu wa pamba ni karani wa mizani, msimu ukiisha ni mjuaji wa kudumu. Aliwahi kuhudhuria semina ya kompyuta ya siku mbili, na tangu hapo hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa rimoti kwetu. Tulipoweka Wi-Fi alitukusanya sebuleni, mimi na watoto, akatuhutubia kama mgeni rasmi.

Mwezi uliopita mama yangu alikuja kutoka kijijini kwetu Sola kutibiwa macho. Ni mekundu, maisha yake yote amepikia kuni, nani asiyejua moshi unavyofanya? Sasa mila zetu mnazijua, mwanaume hakai sebule moja na mama mkwe wake. Kwa hilo simlaumu, hata mama asingekubali. Baba Kulwa akahamia chumbani na simu yake, chakula napeleka huko huko, na ili asikose intaneti akaibeba na ruta, akaichomeka nyuma ya kabati la chuma.

Jioni ile ile TV ikagoma. Watoto walikuwa wanamwekea bibi yao kwaya, jina la Wi-Fi likawa linaonekana na kupotea. Bwana akasubiri mama atoke kwenda uani ndipo aingie kutengeneza. Akazima, akawasha. Akaandika paswedi mara tano. Akafuta mipangilio yote ya TV ianze upya kama imetoka dukani. Nikamwambia, "Baba Kulwa, si uirudishe ruta pale ilipokuwa?"

Akanicheka. "Intaneti ni ya nyumba nzima, Mama Kulwa. Unadhani ni kibatari?"

Hiyo ndiyo semina ya siku mbili.

Siku ya tatu akashindwa kabisa, na mtu wa aina yake hashindwi bila kutafuta mkosaji. Akasema kwa sauti, dirisha likiwa wazi, "Hii TV ilikuwa nzima mpaka yalipoingia hayo macho." Mama alikuwa uani anachambua mchele. Asubuhi nikamkuta ameshafunga mzigo wake.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma chetu.

Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nirudi tu. Nyumba ni ya mumeo." Alikuwa amebakiza siku mbili za kliniki. Nililia stendi mbele za watu.

Mama mkwe hayupo tena, kwa hiyo mchana bwana akarudi sebuleni kifua mbele, ruta mkononi. Akaichomeka mahali pake pa zamani. TV ikashika hapo hapo. Mnajua alisema nini? "Umeona? Kaondoka tu, imeshika!" Akampigia kaka yake anayeishi Sola, akamsimulia huku anacheka.

Neno likatembea. Wiki hii dada yangu ameniambia watoto wa jirani wamekatazwa kuingia kwa mama, na kisimani wanawake wanasogea pembeni ateke peke yake. Ninyi wa kwetu mnajua neno kama hilo, kwa bibi mwenye macho mekundu, linaweza kufika wapi; vikongwe wameuawa kwa hilo. Naogopa, sitaki kuficha.

Nikaibeba ruta mpaka nyuma ya lile kabati, TV ikakata. Nikairudisha, ikashika. Nilifanya hivyo mara tatu mbele yake, simu inarekodi. Alitazama mpaka mwisho akasema, "Mitambo ina mambo yake." Nikamtaka twende Sola akaseme ukweli kwa mdomo wake. "Niende nikawaambie karani mzima nimeshindwa na ruta?" Yaani kwake ni afadhali mama yangu aitwe mchawi kuliko yeye aitwe mjinga. Na mjinga ameshakuwa, hilo halihitaji mkutano.

Jumamosi ijayo binamu yake anaoa huko huko Sola, ndugu wa pande zote watakuwepo. Video ninayo. Amesema nikimwonyesha mtu yeyote, nisirudi Bariadi, na watoto nitawaacha.

Jana mama alinipigia. Ya kisimani hakuyagusa. Aliuliza tu kama TV ya wajukuu zake imepona. Jamani mnaosoma, mngekuwa mimi Jumamosi hiyo mngeitoa simu, au mngeiacha kwenye pochi? Nipeni neno, siku zinakwisha.