Seli Zilizosafiri Mbali Kuliko Hesabu Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini katika chuo hapa Machakos, Mkuu wa Idara hakunipa hata kiti. Alinipa slaidi, kile kipande cha kioo chenye utando mwembamba wa nyama ya mgonjwa, akasema, "Niambie hizi seli zitafika wapi." Nilikuwa na shahada ya hisabati na kiburi cha kutosha. Seli nilikuwa sijawahi kuiona.

Ninyi vijana mnabonyeza tu kompyuta. Sisi modeli tuliiandika mstari kwa mstari: milinganyo ya kukadiria jinsi seli za saratani zinavyojipenyeza katika tishu, yaani nyama inayozizunguka. Nyuzi za tishu zikilala sambamba, seli huzifuata kama mtu anayefuata tuta la shamba. Nyuzi zikikingama, seli hukwama. Nilizipima kwa hadubini miezi mingi, na niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyokiri nyumbani.

Kisha nikahamishiwa hospitali moja, chini ya Daktari Mkuu wa Upasuaji, mtu wa maneno machache. Alitaka makadirio yangu yamsaidie kuamua akate umbali gani kuzunguka uvimbe. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mmoja mkulima wa kahawa kutoka Kangundo, mwenye uvimbe begani. Nilitoa kipimo, daktari akakata.

Wiki iliyofuata Mutua, fundi wa maabara aliyeandaa slaidi zangu, alitazama karatasi zangu akacheka.

"Mwalimu, ulipima hii nyama vile iko kwa kioo?"

"Ndiyo."

"Na vile tuliiloweka kwa dawa, tukaikausha? Inajikunja! Kwani wewe ukikaanga nyama nyumbani haipungui?"

Nilikaanga nyama kila Jumapili. Kipimo changu kilikuwa kifupi, na huenda seli zilibaki begani mwa yule mama. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo, na Mutua hangesema kitu. Nilikaa karibu nusu saa nikiwaza kuliacha lipite, sikatai. Halafu nikaenda kwa daktari.

"Aitwe," alisema. "Na wewe utakuwepo."

Mama alikuja, akanitazama. "Ni wewe ulipima?"

"Ni mimi, mama. Nilikosea. Nimepima upya."

"Na sasa uko na hakika?"

"Kuliko mara ya kwanza, ndiyo. Hakika kamili sina."

Akavuta fomu ya kukubali kukatwa tena, akatia sahihi.

Seli zilikuwamo. Zilitolewa, naye akapona saratani. Lakini kukata mara ya pili ndani ya kovu kuliharibu mshipa wa fahamu unaoendesha mkono, jambo ambalo kipimo sahihi kingeliepusha. Liliniuma, na bado linaniuma.

Mkataba niliongezewa, nikarudi chuoni kufundisha mpaka nikastaafu. Kwenye sherehe ya kuniaga, Mkuu wa Idara wa sasa alinisifu kwamba sikuwahi kukosea hesabu. Watu wakapiga makofi. Niliomba kipaza sauti, nikamshukuru, nikamwambia hapo arekebishe: yuko mama Kangundo anayechuma kahawa kwa mkono mmoja.